Akili Unde na Elimu ya Juu Kambini: Mfano wa Dagahaley

Utangulizi

Tangu kampuni ya OpenAI ya Marekani ilipotoa programu ya ChatGPT mwezi Novemba 2022, mjadala kuhusu akili unde umeshika kasi katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki. Mara nyingi mjadala huo huongozwa na hofu kwamba mwanafunzi ataacha kufikiri na kuiachia mashine kazi ya kumwandikia insha. Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo, humchukulia mwanafunzi kuwa ana maktaba ya karibu, mhadhiri wa kumwendea na umeme wa kutegemewa. Makala haya yanalichunguza suala hilo mahali ambapo vitu hivyo ni adimu, yaani kambi ya wakimbizi ya Dagahaley katika Kaunti ya Garissa. Yanadhihirisha kwamba manufaa ya akili unde hutegemea kuwapo kwa mwalimu na vitabu, na kwamba pasipo viwili hivyo madhara yake huwa makubwa zaidi.

Dhana ya akili unde

Istilahi kadhaa hutumika kuirejelea dhana hii: akili bandia, akili mnemba na akili unde. Makala haya yanatumia ya mwisho kwa sababu mzizi wake, kuunda, hauelemei upande wa ughushi kama lilivyo neno 'bandia'.

Programu za aina ya ChatGPT hujengwa kwa kuilisha kompyuta maandishi mengi mno na kuizoeza kukisia neno linaloelekea kufuata jingine. Kwa hiyo jibu lake huwa ni makisio yaliyopangwa kwa ufasaha. Programu inaweza kueleza jambo kwa usahihi, na kwa ufasaha uleule ikataja kitabu ambacho hakijaandikwa na yeyote.

Aidha, umahiri wake katika lugha fulani hutegemea wingi wa maandishi ya lugha hiyo. Kiingereza kina akiba kubwa kupita lugha nyingine zote. Kisomali, ambacho ndicho lugha ya kwanza ya wakazi wengi wa Dagahaley, kilipata hati rasmi ya Kilatini mwaka 1972 tu, na serikali iliyoipitisha iliporomoka mwaka 1991. Kiswahili kina nafuu kuliko Kisomali, lakini nacho kingali nyuma sana.

Hali ya elimu ya juu Dagahaley

Dagahaley ilianzishwa mwaka 1992, wakati wakimbizi walipokuwa wakimiminika kutoka Somalia. Ni miongoni mwa kambi za Dadaab, takriban kilomita 100 kutoka mji wa Garissa. Kambi tatu za mwanzo zilikusudiwa watu 90,000. Baada ya ukame wa mwaka 2011 idadi ya wakazi ilipita 400,000. Shule za kambini hufuata mtaala wa Kenya. Hivyo mtoto huanza na Kisomali nyumbani, husoma Kurani kwa Kiarabu katika duksi, kisha hukutana na Kiingereza na Kiswahili shuleni.

Kwa muda mrefu, aliyemaliza shule ya sekondari hakuwa na pa kwenda. Sera ya kuwaweka wakimbizi kambini ilimzuia kusafiri bila kibali, na ufadhili wa masomo uliwafikia wachache tu. Mwaka 2012 Chuo Kikuu cha Kenyatta kilifungua kampasi mjini Dadaab. Mwaka uliofuata ulianzishwa mradi wa BHER, uliovihusisha vyuo vikuu vya Kenyatta na Moi vya Kenya, York na British Columbia vya Kanada, pamoja na shirika la Windle. Chini ya mradi huo, walimu wa shule za kambini waliokuwa wakifundisha bila mafunzo rasmi walisomea vyeti, stashahada na hatimaye shahada, sehemu ana kwa ana na sehemu kupitia intaneti.

Mafanikio hayo yalipatikana katika mazingira magumu. Shambulio la tarehe 2 Aprili 2015 katika Chuo Kikuu cha Garissa liliwaua watu 148. Mwaka 2020 Tume ya Huduma kwa Walimu iliwahamisha walimu wengi wasio wenyeji kutoka kaunti za Kaskazini Mashariki kwa sababu za usalama. Akili unde basi imeingia katika eneo ambalo tayari lilikuwa na upungufu wa walimu.

Manufaa

Kwa mwanafunzi wa mazingira hayo, manufaa ya kwanza ni ufafanuzi. Anayesoma usiku kwa simu anaweza kuomba aya ngumu ya Kiingereza ielezwe kwa maneno mepesi, au aombe mfano wa pili na wa tatu wa hesabu ya takwimu, bila kumngoja mhadhiri aliye Nairobi au Toronto. Manufaa ya pili ni ya lugha. Anayeandika kwa lugha yake ya tatu au ya nne anaweza kuonyeshwa makosa ya sarufi kabla ya kuwasilisha kazi. Tatu, mwanafunzi ambaye mwenyewe ni mwalimu anaweza kusaidiwa kuandaa maswali na zoezi la darasa lenye wanafunzi wengi na vitabu vichache.

Changamoto

Changamoto ya kwanza ni uhakiki. Mwanafunzi mwenye maktaba akitajiwa kitabu kisichokuwapo atakitafuta, atakikosa, na atashtuka. Asiye na maktaba hana pa kukitafuta, na kukikosa kwake hakumwambii lolote. Hivyo chombo hiki huvutia zaidi palepale ambapo makosa yake ni magumu kugunduliwa.

Changamoto ya pili ni tuhuma. Vyuo vingi vimetumia programu zinazodai kutambua maandishi ya mashine. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa mwaka 2023 ulizijaribu programu saba kwa insha 91 za mtihani wa TOEFL, zilizoandikwa na watu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza. Kwa wastani, zaidi ya nusu ya insha hizo zilihukumiwa kimakosa kuwa ni kazi ya mashine. Sababu ni kwamba programu hizo huutilia shaka msamiati mwepesi na sentensi zinazotabirika, ambazo ndizo alama za mwandishi anayejifunza lugha. Mwanafunzi wa Dagahaley aliyeandika kwa jasho lake anaweza kupoteza nafasi ya masomo kwa kosa asilolitenda, na mhadhiri aliye mbali, asiyemjua, hana jambo jingine la kumwongoza isipokuwa alama ya programu.

Changamoto ya tatu ni ya kisera. Misaada kwa wakimbizi ilipunguzwa sana mwaka 2025. Katika hali hiyo, msimamizi wa bajeti anaweza kushawishika kuona kwamba simu yenye akili unde inatosha mahali pa mkufunzi. Uamuzi wa namna hiyo ungewaachia walio pembezoni makisio ya mashine, ilhali wenzao wa mijini wangebaki na walimu na maktaba.

Mapendekezo

Kwanza, vyuo visimhukumu mwanafunzi kwa ushahidi wa programu za utambuzi pekee. Mhadhiri aombe rasimu za awali na amhoji mwanafunzi kuhusu kazi yake. Utaratibu wa kuhojiwa si mgeni Dagahaley. Katika duksi, mwanafunzi huandika aya kwenye ubao, huzihifadhi, na huzisoma mbele ya maalimu kabla ya kuufuta ubao na kuandika nyingine. Maalimu humpima anayemjua, kwa sauti yake mwenyewe. Mtihani wa mdomo, hata kwa simu, ungeweza kuifanya kazi hiyo katika ngazi ya chuo.

Pili, kila kozi itoe mkusanyo wa makala na sura za vitabu zinazoweza kuhifadhiwa kwenye simu na kusomwa bila intaneti, ili mwanafunzi awe na kipimo cha kulinganishia majibu ya mashine.

Tatu, idara na vyama vya Kiswahili vichapishe maelezo ya taaluma mbalimbali kwa Kiswahili sanifu na kuyaweka mahali pa wazi. Maandishi hayo yatamfaa msomaji wa leo, na yataongeza akiba ambayo programu za kesho zitajifunza kwayo.

Hitimisho

Wahenga walinena kwamba akili nyingi huondoa maarifa. Akili unde inaweza kumfikisha mwalimu mmoja kwa wanafunzi wengi zaidi kuliko alivyoweza awali, na kwa Dagahaley hilo si jambo dogo. Sharti ni kwamba mwalimu huyo awepo, amjue mwanafunzi wake kwa jina, na awe na vitabu vya kumpa.