Mgeni Anayekuja Kukimbia Iten: Mwangalie Wiki ya Kwanza

Leo nazungumza hasa na wewe unayekodisha chumba, unayepika au unayefua nguo katika kambi za wakimbiaji hapa Iten na vijiji vya karibu. Na wewe uliye mbali, Kisumu au Kilifi, usizime redio. Mwishoni nitakuja kwako.

Kila mwaka Iten hupokea wageni kutoka Uingereza, Uholanzi, Marekani na kwingineko. Baadhi yao ni mabingwa walio na makocha na madaktari wao, na hao hawanipi wasiwasi sana. Ninaowazungumzia ni wakimbiaji wa ridhaa: mwalimu, karani, fundi wa kompyuta, mama wa watoto wawili. Mtu ameweka akiba, ameomba likizo ya wiki mbili, amelipa nauli ya ndege, na sasa amefika na anaona siku zake zinahesabika. Kesho yake asubuhi anataka kutoka na vijana wetu. Hapo ndipo taabu huanza.

Je, hewa ya Iten ina nini?

Iten iko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Huko Uholanzi, sehemu kubwa ya nchi iko sawa na bahari au hata chini yake. Watu husema kwamba huku juu oksijeni imepungua katika hewa. Ukweli ni kwamba Mombasa na Iten, oksijeni ni ileile sehemu 21 kwa kila 100 za hewa. Kinachopungua ni mgandamizo. Chukua blanketi kumi uzipange moja juu ya nyingine. Ile ya chini imebanwa na zote zilizo juu yake, na ile ya juu kabisa imelala wazi. Hewa ya Mombasa ni blanketi ya chini, hewa ya Iten iko juu zaidi. Kwa hivyo kila pumzi anayovuta mgeni wako humpa kama robo tatu ya oksijeni aliyozoea kwao.

Mwili hujitahidi. Kwanza hupumua haraka na moyo hupiga upesi. Kisha figo hutoa homoni inayouambia uboho wa mifupa utengeneze chembechembe nyekundu za damu kwa wingi, kwa sababu hizo ndizo hubeba oksijeni. Hiyo ndiyo faida aliyoifuata. Lakini damu haitengenezwi kwa usiku mmoja, huchukua wiki 2 hadi 4. Kwa maoni yangu, mgeni wa wiki mbili angefanya vyema kuja kutembea, kukimbia taratibu na kufurahia chai, maana huenda akarudi kwao kabla hajavuna mengi.

Siku za mwanzo utaona anakwenda msalani mara nyingi, anahema akipanda ngazi, na usiku usingizi wake ni wa mang'amung'amu. Hayo ni kawaida. Siku 3 au 4 za kwanza atembee, au akimbie polepole kiasi cha kuweza kuzungumza bila kukatika pumzi. Mazoezi ya kasi yangoje wiki moja au zaidi. Ile fatileki ya Alhamisi, ambapo kundi zima hufyatuka dakika moja na kulegeza dakika inayofuata, si mahali pa mtu aliyeshuka kwenye ndege Jumanne.

Najua unachofikiria. Huyu ni mgeni, amelipa, nami ni nani nimwambie apumzike? Mama, mwambie. Kocha humwona kwa saa moja barabarani. Wewe ndiye unayemwona asubuhi akija kunywa chai, na ndiye unayejua kama sahani imerudi jikoni ikiwa na chakula. Neno "polepole" wengi wao hujifunza siku ya kwanza.

Dalili za kuangalia

Maradhi ya mwinuko huanza saa kadhaa baada ya kufika. Kichwa kinauma, moyo unachafuka, hana hamu ya kula, ana kizunguzungu na uchovu. Kwa urefu wa Iten si watu wengi wanaougua sana, lakini wapo wanaougua, na kuwa kijana mwenye nguvu hakumkingi mtu. Apumzike, anywe maji, asiguse pombe, na kwa kichwa ameze paracetamol kama ilivyoandikwa kwenye pakiti. Asikimbie mpaka dalili zote ziishe. Wakimbiaji wengi hubeba dawa kali za maumivu kama diclofenac na ibuprofen mfukoni. Mtu aliyeishiwa maji mwilini akizimeza kisha akaenda kukimbia kilomita 20, anaweza kuumiza figo zake.

Sasa sikiliza kwa makini. Akihema hali ameketi tu, akikohoa makohozi yenye povu au rangi ya waridi, midomo ikigeuka buluu, hayo ni maji yanayojaa kwenye mapafu. Akianza kuyumba, kusema maneno yasiyoeleweka, au usipoweza kumwamsha vizuri, ubongo unavimba. Mwombe atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino kikigusa vidole vya mguu mwingine. Akishindwa, usingoje kukuche. Mambo haya ni nadra kwa urefu huu, lakini yakitokea mtu anaweza kufa kwa muda mfupi. Mpeleke hospitali hapo hapo apewe oksijeni, na wataalamu wataamua juu ya kumshusha. Usimpakie kwenye matatu ya Eldoret ukidhani umemshusha mlima, kwa sababu Eldoret iko kama mita 300 tu chini yetu. Barabara inayopita Tambach kwenda bonde la Kerio ndiyo hushuka zaidi ya mita 1,000.

Na je, kila kichwa kinachouma ni mwinuko? Hapana. Wageni wengi hupitia pwani au mbugani kabla ya kuja, na wengine huteremka bonde la Kerio kutalii. Huko kuna mbu wa malaria, na dalili hutokea siku 7 au zaidi baada ya kuumwa. Mgeni akipata homa na kutetemeka, muulize alikolala wiki zilizopita, kisha aende akapimwe damu siku hiyo hiyo. Mtu wa Ulaya hana kinga yoyote ya malaria, naye huzidiwa upesi.

Chakula na maji

Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa. Tumbo likiharibika, pakiti ya ORS ichanganywe kwa maji safi kama ilivyoelekezwa, na mazoezi yasimame. Jua letu pia linachoma hata kukiwa na baridi, kwa hivyo mkumbushe kofia na mafuta ya kujikinga.

Chakula chako cha kila siku kinamtosha: ugali, sukuma wiki, managu, maharagwe, ndengu, maziwa, na nyama au maini yanapopatikana. Damu mpya inahitaji madini ya chuma. Hapa tuna tabia moja inayotuangusha sisi wenyewe, nayo ni chai pamoja na chakula. Chai huzuia chuma cha mboga na nafaka kuingia mwilini. Ngoja saa moja hivi, na mezani weka chungwa au pera, ambalo husaidia chuma kuingia. Vidonge vya chuma visinunuliwe dukani kwa kubahatisha. Damu ipimwe kwanza, maana chuma kikizidi kinadhuru.

Wanawake hupoteza chuma kila mwezi, kwa hiyo mgeni wa kike, pamoja na binti yako anayekimbia, wanahitaji kuangaliwa zaidi. Kambini wasichana husema kwamba hedhi ikikoma ni dalili ya mwili kuwa tayari kwa mashindano. Huo ni uongo. Hedhi ikikosekana miezi 3, pima mimba kwanza. Kama si mimba, mara nyingi chakula hakilingani na kazi anayofanya, na mifupa inadhoofika. Msichana wa aina hiyo huvunjika mfupa wa mguu kwa kukimbia tu, bila kuanguka. Anahitaji kula zaidi, kupunguza mbio na kumwona daktari.

Wewe uliye mbali

Sasa nakuja kwako wa Kisumu, Busia au Kilifi. Mwanao amesikia habari za Iten naye anataka kuja kambini. Mwili wake hautambui pasipoti. Akitoka usawa wa bahari, naye ni mgeni kama yule Mholanzi, na siku zake za polepole ni zilezile.

Lakini kuna jambo jingine kwako. Nyanza, Magharibi na Pwani zina familia nyingi zenye ugonjwa wa seli mundu, ambao wengi huuita sikoseli. Mtoto aliye na ugonjwa huu asipandishwe huku kufanya mazoezi makali bila daktari wake kukubali. Oksijeni ikipungua, chembechembe zake za damu hujikunja kama mundu na kuziba mishipa, na maumivu yake hayasemeki. Hata yule aliyerithi kwa mzazi mmoja tu, ambaye hajaugua maisha yake yote, anaweza kupata maumivu makali upande wa kushoto chini ya mbavu, penye wengu, au kuanguka katikati ya mazoezi. Kama katika ukoo kuna mtoto aliye na sikoseli, mwombe muuguzi wa kituo kilicho karibu nawe akueleze mahali pa kupima damu kabla kijana hajakata tiketi ya basi. Akikutwa amerithi, kocha aambiwe. Haimzuii kukimbia, ila ataanza taratibu zaidi, atakunywa maji ya kutosha, na atasimama mara anapohisi maumivu.

Na mtoto mchanga akiletwa kumwona nyanya yake huku juu, anaweza kulialia na kulala vibaya usiku wa kwanza. Lakini akipumua haraka, kifua kikibonyea ndani, au akikataa kunyonya, usiseme ni hewa ya mlima. Mpeleke hospitali mara moja, kwani huenda ni homa ya mapafu. Hiyo ndiyo mada yetu ya wiki ijayo, saa kama hizi. Uwe na saa yenye mshale wa sekunde, tutajifunza kuhesabu pumzi za mtoto. Mimi ni muuguzi wenu wa jamii, kwaheri kwa sasa.