Bidoni ya Maji Likasi: Bei na Hesabu Iliyofichika

Anayenunua maji Likasi huangalia kwanza bei ya bidoni. Gharama ya kuyasafisha haiandikwi popote, nayo hutegemea maji yamepita wapi.

Tuanze na vijidudu, maana ndivyo rahisi. Wengi huamini kuchemsha, lakini lita 20 kwenye mbabula ya kawaida hula takriban kilo moja ya makala. Zidisha kwa mwezi, kwa bei ya soko lenu, utashtuka. Javel isiyo na manukato ni nafuu mno: fuata kipimo cha chupa, subiri nusu saa, ila yachuje kwanza maji yenye matope, kwani matope hula klorini. Jua nalo ni bure. Chupa angavu ikae juani saa 6, au siku 2 mawingu yakitanda. Lakini kwa nyumba ya watu wanane, bati zima litajaa chupa. Mimi ningechukua Javel.

Madini ni habari nyingine. Kiwanda cha Shituru, hapa Likasi, kilianza 1929 kutoa shaba kwa asidi, na mito ya upande huo hushukia mto Lufira na ziwa Tshangalele. Ukichemsha maji yenye kobalti, mvuke huondoka, kobalti hubaki palepale. Javel haiigusi, kitambaa hakiizuii. Mwaka 2009 watafiti wa Lubumbashi na Leuven walichapisha vipimo vya mkojo: Wakatanga walioishi chini ya kilomita 3 kutoka migodi au viwanda vya kuyeyusha madini walikuwa na kobalti kupita wenzao wa mbali.

Kwa hiyo kisima cha bure chini ya kiwanda ni ghali kuliko bomba la Regideso, shirika la maji, hata ukihesabu nauli ya bidoni. Foraji ya jirani? Changeni mtaa mzima mlipie kipimo cha maabara, kiangazi na wakati wa mvua, mkitaja shaba, kobalti, risasi, aseniki na urani. Kikomo cha WHO kwa risasi ni mikrogramu 10 kwa lita.

Nafuu ya kweli iko juu ya mto, kiwandani, kabla maji machafu hayajamwagwa. Chokaa huvunja makali ya asidi, shaba na kobalti zikatuama, na mawe yake yanachimbwa Kakontwe, hapahapa Likasi. Sheria ya Migodi ya 2018 inatenga asilimia 0.3 ya mauzo ya mgodi kwa maendeleo ya jamii. Wenye mgodi wakija kuwaahidi foraji kwa fedha hizo, ulizeni kwanza vipimo vya maji yanayotoka kiwandani, na tope linalotuama kwa chokaa linamwagwa wapi.