Simu ya Intaneti Nyumbani: Je, Italia Umeme Ukikatika?

Muuzaji wa simu ya intaneti huja na hoja inayovutia. Nyumba yako ya Bugolobi tayari ina intaneti. Kwa nini usiitumie kupigia simu pia, kwa gharama ndogo? Hoja hiyo ni ya kweli. Hata mwendo wa intaneti hauna shida: mazungumzo ya simu moja hayahitaji zaidi ya kilobiti 100 hivi kwa sekunde, kwa hiyo usikubali kuuziwa kifurushi kikubwa kwa kisingizio cha simu.

Sisi tunatazama upande mwingine: saa nane za usiku, mtu anapanda ukuta, na umeme umekatika.

Simu ya zamani ya waya, ile ya Shirika la Posta na Simu iliyorithiwa na UTL mwaka 1998, ilipata nguvu yake kutoka kituo cha simu kupitia waya uleule wa shaba. Nyumba ikiwa gizani, simu iliendelea kulia. Simu ya intaneti haiko hivyo. Inategemea ruta, na ruta inategemea umeme wa nyumbani. Anayeinunua sharti anunue pamoja nayo betri ya akiba ya kulisha ruta na simu yenyewe. Mara nyingi viwili hivyo havitumii zaidi ya wati 20, hivyo betri ndogo huvitosha kwa saa kadhaa.

Betri, hata hivyo, haisaidii intaneti yenyewe inapokosekana. Tarehe 13 Januari 2021, siku moja kabla ya uchaguzi mkuu, intaneti ilifungwa nchini kote kwa siku kadhaa. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na Afrika Mashariki nzima ikahisi. Kwa sababu hiyo, simu ya kawaida ya mkononi, hata ile ndogo ya vibonyezo, isitoke nyumbani.

Mwulize muuzaji pia, naye akujibu kwa maandishi: nikipiga 999 au 112, simu inafika wapi? Baadhi ya familia hutumia namba za Marekani au Uingereza walizofunguliwa na jamaa zao. Namba kama hizo zinaweza zisifike kwa polisi wa Uganda kamwe. WhatsApp nayo haipigi namba za dharura. (Tafadhali usijaribu kwa kupiga 999 bure, huenda mwenye shida ya kweli anasubiri laini hiyo.)

Tena, namba ya intaneti haifungwi na mahali. Leo iko Luthuli Avenue, kesho mwenyewe amehamia Ntinda nayo. Afisa anayepokea simu hawezi kutegemea namba kujua ulipo. Watoto na msaidizi wa nyumbani wafundishwe kutaja mtaa, barabara, rangi ya geti na jengo linalojulikana lililo jirani. Maneno hayohayo yatatumika nyumba ikishika moto, kwani zimamoto nao ni sehemu ya Jeshi la Polisi.

Siku ya kufungiwa kifaa, badilisha neno la siri kilichokuja nalo, na omba simu za kwenda ng'ambo zizuiwe mpaka utakapozihitaji. Wezi wanaoingia kwenye vifaa hivi hupiga simu za nje usiku, na ankara humfikia mwenye nyumba.