Mbio Wakati wa Joto: Mpoze Kwanza, Mpeleke Baadaye



Mashindano ya mbio za barabarani yanapendwa na watu wengi. Hayahitaji uwanja wala mpira. Barabara ya vumbi inatosha. Tena mbio zinaweza kumfikisha mkimbizi mbali. Mwaka 2016 vijana watano wa Sudan Kusini waliotoka katika kambi ya Kakuma, Kenya, walikimbia kwenye Michezo ya Olimpiki huko Rio de Janeiro.

Lakini mbio zikifanyika wakati wa joto kali, kijana mwenye afya njema anaweza kuanguka na kufa siku hiyohiyo. Kifo hicho kinaweza kuzuiwa kwa maji, turubai na watu wachache wanaojua la kufanya. Karatasi hii ni kwa wakimbiaji, wazazi, walimu, viongozi wa vijana na kila anayesimama kando ya barabara kushangilia.

KWA NINI JOTO NI HATARI KWA MKIMBIAJI?

Mtu anapokimbia, sehemu ndogo tu ya nguvu ya chakula, kama robo hivi, ndiyo inayosukuma miguu. Sehemu kubwa inageuka kuwa joto ndani ya mwili. Mwili hujipoza kwa jasho: jasho linapokauka juu ya ngozi, linaondoka na joto.

Hapa kwetu Nchelenge miezi ya Septemba, Oktoba na mwanzo wa Novemba ndiyo yenye joto zaidi. Mchana joto hupita mara nyingi nyuzi 30. Mvua zinapokaribia, hewa inakuwa nzito na yenye unyevu, hasa karibu na ziwa. Hapo jasho linatiririka bila kukauka, na mwili haupoi. Joto la kawaida la mwili ni nyuzi 37. Likipita 40, ubongo unaanza kuharibika, na baadaye ini, figo na moyo.

Hata mabingwa wanashindwa na hali hiyo. Katika mashindano ya dunia huko Doha, Qatar, mwaka 2019, marathoni ya wanawake ilianza karibu na saa 6 usiku ili kukwepa jua. Hata hivyo joto lilikuwa zaidi ya nyuzi 30 na unyevu ulikuwa mwingi. Walianza wanawake 68. Waliofika mwisho walikuwa 40 tu.

WENYE KUANDAA MBIO WAFANYE NINI?

1. Chagueni mwezi mzuri. Juni na Julai ni miezi ya baridi na ukavu. Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni, inafaa kuliko siku yoyote ya Oktoba.

2. Anzeni mapema. Mbio zianze saa 12 asubuhi, na mtu wa mwisho awe amefika kabla ya saa 2. Mgeni wa heshima akichelewa, msiwaweke wakimbiaji juani wakimngoja. Hotuba zinaweza kufuata baadaye.

3. Punguzeni mwendo. Wakati wa joto kilomita 5 zinatosha.

4. Wekeni maji salama njiani na mwishoni. Maji ya kunywa yatoke kwenye pampu au yatiwe dawa. Msinywe maji ya ziwa, kwa sababu ya kipindupindu na magonjwa mengine ya tumbo.

5. Tayarisheni mahali pa kupozea penye kivuli, hapo mwisho wa mbio: turubai moja zima, madumu 6 au 7 ya lita 20 yaliyojaa maji, na vitenge vya kulowesha. Maji yakilala usiku kucha kivulini yatakuwa na ubaridi wa kutosha.

6. Waarifuni wahudumu wa zahanati kabla ya siku yenyewe.

MKIMBIAJI AJITAYARISHEJE?

Mwili unajifunza kuvumilia joto, lakini unahitaji siku 10 hadi 14. Anza kwa mwendo mfupi na uongeze kidogo kidogo kila siku. Aliyekaa miezi bila mazoezi asiingie mbio kwa sababu tu rafiki zake wameingia.

Usikimbie ukiwa na homa, hata ndogo. Wilaya yetu ina malaria nyingi sana, na mwili wenye homa tayari umebeba joto. Nenda ukapimwe. Vilevile usikimbie ukiwa unaharisha, wala kama jana yake ulikunywa lutuku au kachasu.

Vaa nguo nyepesi. Usivae koti au plastiki ili “utoe jasho zaidi”; unajipika mwenyewe. Kunywa maji unaposikia kiu, lakini usijilazimishe kunywa lita nyingi kwa mara moja, kwani maji kupita kiasi pia ni hatari. Baada ya mbio, maji yenye sukari na chumvi yanafaa: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa.

UTAMTAMBUAJE ALIYEPIGWA NA JOTO?

Mtu aliyechoka tu anakaa chini, anahema, na anajibu ukimwuliza jina lake. Aliyepigwa na joto anapoteza akili. Anayumba kama mlevi, anasema maneno yasiyo na maana, anagombana na wanaomsaidia, hajui yuko wapi, au anaanguka na kuzimia. Mwili wake unaunguza ukimgusa.

Watu wengi hufikiri kwamba mtu wa namna hiyo lazima awe mkavu. Si kweli. Mkimbiaji anaweza kuwa amelowa jasho na bado akawa katika hatari ya kufa.

Msiseme, “Ni malaria tu, alale nyumbani.” Msiseme amerogwa. Msimpe paracetamol, dawa hiyo haishushi joto la namna hii. Kila dakika inayopita bila kumpoza inaongeza hatari.

MPOZE KWANZA, MPELEKE BAADAYE

Wengi wakiona mtu ameanguka wanatafuta baiskeli au gari wamkimbize hospitali. Kwa aliyepigwa na joto, safari ndiyo inayopoteza muda. Mpozeni hapo hapo alipo, huku mtu mmoja akikimbia kuwaita wahudumu.

1. Mlazeni juu ya turubai kivulini na mumvue nguo nzito.

2. Watu 4 hadi 6 washike kingo za turubai na kuziinua, liwe kama beseni.

3. Mimineni maji ya madumu mpaka yafunike kiwiliwili. Mtu mmoja ashike kichwa chake, kisizame kamwe.

4. Yatikiseni maji taratibu huku na huku. Loweka kitenge kichwani na mpepeeni.

5. Endeleeni mpaka akili zimrudie au aanze kutetemeka. Mara nyingi ni dakika 15 hadi 20.

6. Ndipo apelekwe zahanati, na ikibidi hospitali ya St. Paul's huko Nchelenge, hata kama anasema amepona.

Asiye na fahamu asinyweshwe kitu. Akitapika, mgeuzeni ubavu. Wala msimtumbukize ziwani: anaweza kuzama, na Mweru ina mamba.

Kama hakuna turubai, mmwagieni maji mwili mzima mfululizo na mpepeeni bila kuacha.

JE, NJIA HII INASAIDIA KWELI?

Ndiyo. Katika mji wa Falmouth, Marekani, kuna mbio za barabarani za kilomita 11 hivi zinazofanyika kila Agosti, wakati wa joto la kwao. Waganga wa mbio hizo huweka mabeseni makubwa ya maji ya barafu mwishoni. Kumbukumbu zao za miaka 18, zilizochapishwa mwaka 2015, zilionyesha wakimbiaji 274 waliopigwa na joto. Wote walipozwa hapo hapo, na hakufa hata mmoja. Sisi hatuna barafu, lakini maji ya pampu yaliyolala kivulini ni bora mara nyingi kuliko kungoja gari.

Tafadhali msomee karatasi hii jirani asiyejua kusoma. Na kabla ya mashindano yajayo, waulizeni wenye kuandaa swali moja: turubai na madumu viko wapi? Wakikosa jibu, mbio zingoje.