Hoja ya Kijiji Inavyofika kwenye Baraza la Madiwani

Kamati za parokia zinapotuandikia kuomba mabati au saruji, barua nyingi husema kwamba wananchi wamelalamika muda mrefu na Halmashauri haijawasikia. Mara nyingi malalamiko yenyewe ni ya kweli. Lakini tunapouliza yalitolewa wapi na lini, tunajibiwa kwamba diwani aliambiwa siku ya gulio, au kiongozi fulani aliyepita kwa ziara alielezwa akaahidi kulishughulikia. Katika toleo hili tumeona vema kueleza njia ambayo hoja ya mwananchi wa kata kama Nyakakika inapaswa kupita mpaka kufika Kayanga, makao makuu ya Wilaya ya Karagwe, na mahali inapokwama.

Njia hii imewekwa na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Na. 7 ya mwaka 1982. Wazee wanakumbuka kwamba mwaka 1972 halmashauri zilifutwa, na kwa zaidi ya miaka kumi mambo ya wilaya yaliamuliwa na watumishi wa Serikali Kuu. Zilirudi mwaka 1984. Kwa upande wetu umbali nao ulikuwa kikwazo, kwani kabla Kyerwa haijawa wilaya mwaka 2012, hoja ya mtu wa Murongo, mpakani na Uganda, nayo ilisubiri kikao cha Kayanga. Leo Kyerwa ina halmashauri yake, na Nyakakika imebaki Karagwe.

Hoja huanzia kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Mjumbe wake ni kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Hahitaji kadi ya chama wala mwaliko. Mkutano huu unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, na ndipo halmashauri ya kijiji inapopaswa kusoma mapato na matumizi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haiwezi hata kugawa ardhi bila idhini ya mkutano huo. Ni chombo kikubwa kuliko wengi wanavyodhani.

Tatizo ni kwamba mkutano usipoitishwa, hakuna kinachopanda. Na ukiitishwa bila muhtasari kuandikwa vizuri, ni karibu sawa na kutoitishwa. Mtu anaweza kueleza habari za daraja lililobomoka mpaka watu wakampigia makofi, lakini kama Mtendaji wa Kijiji hakuandika, ngazi ya juu haina cha kujadili. Tunawashauri wajumbe wa kamati zetu, ambao nao ni wakazi wa vijiji, waombe muhtasari wa mkutano uliopita usomwe kwanza, na wasikilize kama hoja yao imo na inasemaje. "Wananchi walilalamikia barabara" si hoja. Itajwe barabara ipi, kutoka wapi hadi wapi, mahali gani haipitiki, na kijiji kimeazimia nini.

Tuongeze neno kuhusu saa. Mkutano ukiwekwa asubuhi, akina mama wengi wako shambani au kisimani, na matokeo yake suala la maji linaelezwa na watu ambao hawachoti.

Kutoka kijijini hoja huenda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mwenyekiti wake ni diwani, katibu ni Mtendaji wa Kata, na wenyeviti wa vijiji ni wajumbe. Sheria inaruhusu mashirika na vikundi vinavyofanya kazi za maendeleo katika kata kualikwa, ingawa hawapigi kura. Nafasi hii parokia nyingi haziitumii. Hapa ndipo vijiji hushindana, kwa sababu fedha hazitoshi, na kijiji ambacho mwenyekiti wake amekuja na muhtasari mkononi huwa na nguvu kuliko kile kilicholeta maneno matupu.

Kisha diwani anaingia kwenye Baraza, ambalo nalo hukutana kila robo mwaka. Huko anawasilisha taarifa ya kata na anaweza kuuliza maswali yanayojibiwa na Mkurugenzi Mtendaji na wakuu wa idara. Mwananchi anaruhusiwa kuhudhuria na kusikiliza, ila hachangii. Ni vizuri kwenda walau mara moja, kwani diwani anayejua kwamba watu wa kwake wameketi nyuma hujiandaa zaidi.

Kalenda nayo ina uzito wake. Mwaka wa fedha huanza Julai 1, lakini Baraza hupitisha bajeti miezi kadhaa kabla, kwa kawaida Februari au Machi. Hoja inayoibuka Mei, watu wakiwa wameanza kuchuma kahawa, imeshachelewa kwa mwaka mzima. Vijiji vinapaswa kukamilisha vipaumbele vyao kabla mwaka wa kalenda haujaisha.

Aidha, si kila jambo liko mikononi mwa Halmashauri. Tangu mwaka 2017 barabara za vijijini zinasimamiwa na TARURA, na tangu mwaka 2019 maji vijijini yako chini ya RUWASA. Hata hivyo hoja hizo zipelekwe kwa diwani vilevile, kwa kuwa mameneja wa wakala hizo huitwa kwenye Baraza kutoa maelezo.

Wafadhili wetu wanaweza kujiuliza haya yanawahusu nini. Yanawahusu sana. Wanavijiji wanaweza kujenga boma la zahanati kwa nguvu zao hadi usawa wa linta, na mfadhili akatoa mabati. Lakini mganga, muuguzi na dawa kutoka Bohari ya Dawa haviji kwa sababu jengo limekamilika. Vinakuja ikiwa zahanati imo katika mipango ya Halmashauri na imesajiliwa. Bila hivyo mlango unafungwa kwa kufuli, na mama mjamzito anaendelea kupakiwa kwenye pikipiki kupelekwa mbali, akilipita jengo jipya.

Kwa sababu hiyo, maombi yote ya vifaa vya ujenzi wa zahanati na madarasa yaambatane na nakala mbili: muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji ulioidhinisha mradi, na ule wa Kamati ya Maendeleo ya Kata ulioupokea. Nakala ziwe na mihuri na tarehe. Kamati ambayo kijiji chake hakijafanya mkutano robo hii itufahamishe, na ombi lake tutalihifadhi hadi mkutano ufanyike.