Mwandishi Anapoilaza Kalamu



Wasomaji wetu, na aghalabu ni akina mama, hutuuliza: mtu mwenye kuandika hufanya nini pindi anapoilaza kalamu? Wako wadhanio kwamba mwenye kilemba hana starehe ila tasbihi. Tumeona tulijibu suali hili, kwa kuwa laigusa kila nyumba: saa zetu za mapumziko zapita wapi, na zatuachia nini?

Dini yetu haikuikataza nafsi kupumzika. Bibi Aisha (r.a.) amesimulia, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba siku ya Idi Wahabeshi walicheza kwa ngao na mikuki msikitini. Mtume (s.a.w.) akamsitiri mkewe huku akitazama, wala hakumharakisha mpaka alipotosheka mwenyewe. Tazameni adabu iliyomo: mchezo hauna uchafu, mume yupo pamoja na mkewe, na haya imehifadhiwa.

Starehe yetu ya kwanza, basi, ni sinema. Hatusemi zile za makampuni makubwa ya ng'ambo, bali za watengenezaji wadogo wa kwetu, wenye fedha chache na mengi ya kusema. Wenzetu wa Zanzibar wana tamasha lao la sinema, ZIFF, tangu mwaka 1998. Katika tulizozitazama nyumbani Magogoni, iliyotushughulisha zaidi ni Vuta N'kuvute, aliyoiongoza Amil Shivji kutokana na riwaya ya Adam Shafi, ikaonyeshwa mara ya kwanza Toronto mwaka 2021. Kisa chake ni cha Unguja ya miaka ya 1950, cha Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mume mzee asiyemtaka.

Si yote yaliyomo tungeyaweka mbele ya watoto, na twamnasihi kila mzazi atazame kwanza mwenyewe. Sisi tuliketi na mama watoto na mabinti zetu waliokwisha kuwa watu wazima. Ilipokwisha wakatuuliza: sheria yasemaje? Tukawasimulia habari ya Khansaa binti Khidam, mjane aliyeozwa na babake hali yeye haridhii, akamwendea Mtume (s.a.w.), naye akaitangua ndoa ile. Hadithi hii tumeisomesha darasani miaka mingi. Usiku ule ndipo binti mmoja alipotwambia kuwa rafiki yake yumo katika hali iyo hiyo, wala hajui aseme na nani. Kesho yake mama watoto akaenda kuzungumza na mama wa msichana, na shauri likasimamishwa mpaka mwenyewe aulizwe. Hiyo ndiyo faida ya kutazama pamoja; lau kila mmoja angalikuwa na simu yake pembeni, neno lile lisingalisemwa.

Starehe ya pili ni kuuza vitabu. Baada ya sala ya Ijumaa twatandika mkeka nje ya msikiti. Siku nyingine twavuka daraja la Nyali kwenda Mji wa Kale kutafuta vitabu vikuukuu. Faida yake ya fedha ni ndogo, lakini kazi yenyewe ina heshima. Ibn al-Nadim wa Baghdad, katika karne ya 10, alikuwa muuza vitabu, na kutokana na ujuzi huo akaandika Al-Fihrist, orodha kubwa ya vitabu vya zama zake. Hapa Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha Sahifa mwaka 1930, kisha Al-Islah mwaka 1932, akaandika kwa Kiswahili ili ilimu iwafikie wasiojua Kiarabu. Elimu ya wasichana ilikuwa miongoni mwa mambo aliyoyapigania. Makala yake yakakusanywa katika kitabu Uwongozi, na hata leo yasomwa.

Mkeka wetu umetufundisha jambo. Wanaume hufunua kurasa, wakasifu, wakavirudisha vitabu mahali pake, wanawake hununua. Yuko mama mmoja muuza mahamri aliyelipia kitabu cha mwanawe kwa Ijumaa tatu, kidogo kidogo, na tulipotaka kumpunguzia bei akakataa, akasema mtoto ajue kwamba kitabu kimegharimiwa. Nasi twajua upande wa pili: kitabu kisiponunuliwa hakichapishwi tena, na mwandishi asiyesomwa huiacha kalamu akatafuta kazi nyingine. Hapo ndipo watoto wetu watakapokosa cha kusoma kwa lugha ya mama zao, kisha tukawalaumu kwa kushinda kwenye simu.

Kwa hivyo twawaomba wasomaji wetu mambo mawili tu. Usiku mmoja kwa wiki, baada ya Isha, jamaa wote wakae mbele ya kioo kimoja, watazame kilicho chema, kisha wazungumze. Na kila mwezi, japo kitabu kimoja chembamba kiingie nyumbani. Anayeanza kukisoma na awe baba, watoto wamwone.

Wabillahi tawfiq.