Wakaguzi wakifika shuleni Rusizi, mzazi wa kamati anaulizwa nini?

RUSIZI. Mwalimu mkuu anapopiga simu kusema wakaguzi wamefika, mwenyekiti wa kamati ya shule huenda ameshavuka Rusizi ya Kwanza, yuko Bukavu na makreti yake ya nyanya. Hapo ana mambo mawili ya kuchagua: kuuza mzigo kabla haujaoza, au kurudi Kamembe kujibu maswali juu ya fedha ambazo yeye na wenzake walizipitisha.

Kwa wazazi wanaoishi kwa biashara ya mpakani, ujumbe wa kamati ya shule ni kazi isiyo na mshahara. Watu huiona kama heshima ya kukaa kiti cha mbele siku ya sherehe. Ukaguzi ndio unaoonyesha kwamba ni dhamana.

Nani anakagua, nani anajibu

Nchini Rwanda, ukaguzi wa shule za msingi na sekondari uko chini ya NESA, mamlaka ya kitaifa ya mitihani na ukaguzi wa shule iliyoundwa mwaka 2020. Ndiyo hiyo hiyo inayosimamia mtihani wa mwisho wa shule ya msingi. Wilaya na sekta nazo zina maofisa wa elimu wanaozifuatilia shule kwa karibu.

Kwa upande wa shule, chombo cha juu ni mkutano mkuu, na kati ya mikutano kazi hufanywa na kamati yake, ambamo wazazi hukaa pamoja na walimu na wawakilishi wa wanafunzi. Kwa hiyo mkaguzi akitaka kujua kama wazazi wanashirikishwa kweli, mtu wa kumuuliza ni mjumbe wa kamati.

Mambo ya darasani ni ya walimu: maandalio ya somo, alama, mtaala, lugha ya kufundishia ambayo kwa Rwanda ni Kiingereza. Hakuna anayemtazamia muuza vitenge aeleze jinsi ya kufundisha hesabu. Maswali yanayomhusu ni mengine. Kamati ilikutana lini mara ya mwisho? Kumbukumbu za kikao ziko wapi? Bajeti ilipitishwa na nani? Vyoo vinatosha, na wasichana wana chumba chao? Wazazi ambao watoto wao wameacha shule wametembelewa?

Jikoni ndiko hesabu huanzia

Suala linalomgusa mzazi moja kwa moja ni chakula cha mchana. Katika viwango vilivyotangazwa na Wizara ya Elimu Septemba 2022, mzazi wa mtoto wa chekechea au msingi katika shule ya umma alitakiwa kuchangia faranga 975 kwa muhula, na sehemu kubwa iliyobaki ilibebwa na serikali. Kwa sekondari ya kutwa kiwango kilikuwa faranga 19,500, na kwa bweni 85,000.

Faranga 975 ni kidogo, lakini tuchukue mfano wa shule ya msingi yenye watoto 800. Wote wakilipa, zinapatikana faranga 780,000 kwa muhula. Wasipolipa 120, pengo ni faranga 117,000. Mjumbe wa kamati anapaswa kujua pengo hilo lilizibwa vipi: kwa kupunguza maharage, kwa deni dukani, au kwa kuwanyima watoto chakula. Asipojua, mkaguzi atajua kwamba kamati hutia sahihi bila kusoma.

Hapa mfanyabiashara ana ujuzi ambao hata baadhi ya walimu hawana. Anajua bei ya gunia la mahindi wiki hii na wiki iliyopita. Anajua risiti iliyoandikwa kwa haraka usiku mmoja inavyofanana kutoka juu hadi chini. Akiingia stoo, akahesabu magunia na kulinganisha na daftari kila mwezi, siku ya ukaguzi hatakuwa na la kubahatisha.

Jambo jingine la hapa mpakani ni idadi ya wanafunzi. Wapo watoto wanaovuka kutoka Bukavu kuja kusoma upande wa Kamembe. Mpaka ukifungwa, kama ilivyokuwa Machi 2020 wakati wa Korona, watoto wa namna hiyo hukatika. Fedha za serikali hufuata idadi ya walioandikishwa, hivyo jina lililobaki kwenye orodha wakati mtoto hayupo linahitaji maelezo ya kweli, yaliyoandikwa mapema.

Kishawishi cha kuficha

Siku ya ukaguzi huja na shinikizo. Mwalimu mkuu ni jirani, huenda ni mteja, na ndiye anayemfundisha mtoto wako. Akiomba mseme kikao kilifanyika ilhali hakikufanyika, kukataa ni kugumu. Lakini mjumbe anayekubali ameweka jina lake kwenye uongo, na watakaoumia ni watoto ambao choo chao hakitajengwa kwa sababu taarifa ilisema kipo. Ni heri kusema kikao hakikufanyika, na kutaja tarehe ya kukifanya.

Nchi jirani zina vyombo vya aina hii: kamati za shule Tanzania na Uganda, bodi za usimamizi Kenya, na COPA ya wazazi pamoja na COGES nchini Kongo. Mfanyabiashara mwenye watoto pande zote mbili za mto anaweza kuuliza maswali hayo hayo kila upande.

Kwa asiyeweza kukaa nyumbani kusubiri simu, dawa ni kugawana kazi. Kamati ichague mjumbe mwingine anayeshinda karibu na shule, nakala za kumbukumbu ziwe kwa watu wawili, na hesabu ya stoo ifanywe siku isiyo ya soko. Baada ya ukaguzi, mapendekezo yasomwe mbele ya wazazi wote, kila moja likiwa na mtu wa kulitekeleza na tarehe yake. Wakaguzi watakaporudi, wataanza na karatasi hiyo.